Kangaruu wodini: mama akae na mtoto, sio kuja kumsalimia

Kila nikikutana na masista wa hospitali zingine, iwe kwenye semina ama ndani ya basi ya kwenda Kampala, swali ni lilelile: nyinyi mlifanyaje mpaka wamama wanakaa na watoto njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, hiyo ndo kangaruu yenyewe, manake sisi kwetu tumefundisha, tumebandika na picha ukutani, lakini ukiingia saa nane mchana unakuta tumtoto tumelala peke yatu na wamama wamekaa nje kwenye nyasi. Jibu langu ni moja na nitalizunguka hapa kwa njia nyingi. Karibu kila mara shida sio mama kukataa, wala sio kutojua. Hospitali yenyewe ndo imempangia akae mbali. Mpe pahali pa kulala karibu na mtoto, chakula, na mtu wa kumpokea akichoka, utaona. Bila hivo vitu vitatu utafundisha mpaka ustaafu.

Naandika kwa wale wa hospitali za kawaida za Uganda, za wilaya na za rufaa, na hata zile senta za afya za ngazi ya nne zenye chumba cha upasuaji. Mimi niko magharibi huku karibu na mpaka wa Kongo, wodi yetu ina Wakonjo, Watooro, Wanyankole, na wamama wa Kongo ambao wamekimbia vita, Kiswahili ndo kinatuokoa sisi wote. Kama wewe uko Arua ama Busia badilisha utakapoona hapafai.

Historia kidogo tu. Hii kitu haikutoka kwa matajiri. Ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey Sanabria aliona mashine za joto hazitoshi, watoto wawili watatu wanalazwa kwenye moja, wanaambukizana, wanakufa, akaamua kuwaweka kwenye vifua vya mama zao. Kwa hiyo yule anayesema kangaruu ni ya kusubiria mpaka tupate mashine, mwambie ameshika kitu juu chini. Hata nchi zenye mashine za kila aina saa hii wanaweka watoto kifuani.

Nani anaanza, na lini

Hapa ndo kuna mabishano mengi kwenye raundi asubuhi kwa hiyo nikae kidogo.

Zamani tulifundishwa ngoja kwanza mtoto atulie, atoke kwenye oksijeni, dripu iishe, halafu ndo umpe mama. Mwaka 2022 WHO, shirika la afya duniani, walibadilisha: kila mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 au chini ya gramu 2,500 aanze kangaruu mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, na masaa yawe kati ya 8 na 24 kwa siku, kadiri mnavyoweza. Wanaobaki nje ni wale mahututi kabisa, yaani mtoto hawezi kupumua mwenyewe hata baada ya kusaidiwa, ama yuko kwenye shoki (damu haizunguki vizuri mwilini), ama anahitaji mashine ya kupumua badala yake. Mtoto wa oksijeni anaingia. Mtoto wa sipapu ya mapovu, ile mirija ya puani inayomsukumia hewa, anaingia. Wa dripu anaingia.

Walibadilisha kwa sababu ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, watoto zaidi ya 3,200 wa kilo 1 mpaka karibu 1.8, matokeo yakatoka 2021. Walioanza kangaruu mara moja baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12, na wale waliosubiri kutulia kwanza asilimia 15.7. Hiyo ni kama robo ya vifo imepungua. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake sababu ilionekana sio haki kuendelea kuwasubirisha wengine.

Sasa kuna wajanja watakwambia, lakini hapa Uganda ilifanyika na haikusaidia. Ni kweli nusu. Kulikuwa na utafiti unaitwa OMWaNA, hospitali 5 za serikali hapa kwetu, watoto zaidi ya 2,200 wa gramu 700 mpaka 2,000, matokeo 2024. Vifo vya siku 7 za kwanza vililingana pande zote mbili, walioanza kabla ya kutulia na waliosubiri, asilimia 7.5 huku na 7.5 kule. Lakini pia kuwaweka kifuani kabla hawajatulia hakukuwadhuru. Mimi nasoma hivi: hakuna sababu ya kuogopa kumweka mtoto wa oksijeni kifuani, ila kifua peke yake sio dawa ya kila kitu, lazima na nesi wa kumwangalia awepo, na maziwa, na hewa. Na kitu kingine ambacho watu wanakiruka: kwenye ule wa nchi tano walitengeneza chumba ambamo mama analala na mtoto wake tangu mwanzo, na huduma ya mama mwenyewe inamfuata humo humo, masaa ya kifuani yakafika karibu 17 kwa siku wakati wenzao walikuwa saa moja na nusu. Hilo ndo la kuiga. Chumba kwanza, mafunzo baadaye.

Tembea ile njia kwa miguu yako

Kabla hujaandika proposo wala kuitisha mkutano, chukua mkunga mmoja na nesi mmoja wa watoto wachanga, anzieni leba. Mama amejifungua kamtoto ka gramu 1,500. Nani anakabeba? Kamefungwa na nini? Kanapita wapi? Na mama naye anakwenda wapi? Mara nyingi mtakuta majengo mawili, katikati kuna uwanja, ngazi, na mlango wenye askari anayeuliza wewe ni nani na saa ya kutembelea wagonjwa bado. Mama ana mshono wa operesheni, anashika ukuta akitembea. Halafu sista anaandika kwenye faili "mama haji kumwona mtoto". Atakujaje?

Andikeni kila kizuizi, hata kidogo. Choo kiko mbali. Hakuna pa kuchaji simu, na hii msiicheke, nimeona mama anaondoka kwa mtoto masaa mawili sababu simu yake iko kwenye chaji kwa yule wa kiosk getini na mume anapiga kutoka kijijini. Soketi moja kwenye chumba ilituongezea masaa kuliko bango lolote.

Kisha swali gumu: huyu mama ni wa nani? Wakunga wanasema akishaenda kwa watoto wachanga sio wetu tena, masista wa watoto nao wanasema sisi hatupimi presha ya mama wala hatuangalii damu. Mama wa kifafa cha mimba anapotea katikati hapo na anaweza kufa. Hili halimalizwi na nyinyi wawili, linataka matroni na mkubwa wa wodi ya uzazi wakae na wa watoto waandike karatasi moja: mama analala kwa mtoto, mkunga ndo anatembea kumfuata asubuhi na jioni, vidonge vyake vinakuja huko, na jina lake linabaki kwenye kitabu cha wakunga mpaka aruhusiwe. Bila hiyo karatasi usianze, nasema kwa upole lakini nina maana.

Chumba na kitanda

"Hatuna nafasi" ni jibu la kwanza kila hospitali. Sasa nenda uangalie kile chumba cha mashine zilizokufa, kila hospitali inacho, mashine za joto za msaada ambazo spea zake haziko, mizani iliyovunjika, makabati. Hizo ni mali ya serikali, huwezi kutupa tu, kuna utaratibu wa kuziondoa na unachukua muda, kwa hiyo barua iandikwe leo. Wakati mnangoja zisogezwe zipangwe upande mmoja, vitanda vitatu vinaingia. Anzeni na vitatu. Hospitali inayosubiri jengo jipya la wafadhili inasubiri miaka.

Chumba kiwe karibu kabisa na mlango wa wodi ya watoto wachanga, nesi akitoka hatua chache ameshafika, na kama mnaweza vitanda viwe ndani ya wodi yenyewe kwa wale walio kwenye oksijeni. Kitanda kiwe na pa kuegemea. Mama wa kangaruu halali chali, anaegemea kama nyuzi 30 hivi, mtoto awe kichwa juu. Vile vitanda vya kukunja kwa mkono vingi vimeharibika, basi fundi seremala anatengeneza kiegemeo cha pembetatu cha mbao, unaweka juu godoro, kinatosha. Mchana kiti chenye mgongo mrefu kinafaa. Pazia ni lazima, hasa kwa wamama Waislamu na kwa wale wanaoona aibu kukaa vifua wazi mbele ya daktari kijana. Madirisha yasipitishe upepo usiku. Kwa baridi yetu ya milimani huku, Kabale na Kasese ya juu, hili ni jambo la kweli.

Namna ya kumweka mtoto

Mtoto avuliwe, abaki na pampasi, kofia na soksi. Mama afungue kifua, sidiria itoke. Asijipake losheni yenye harufu wala manukato, na kifua kiwe kimeoshwa kawaida tu. Mtoto anakaa wima katikati ya matiti, kifua kwa kifua, mikono na miguu imekunjwa upande kama chura. Kichwa kigeuzwe upande mmoja na kiinuke kidogo sana, kidevu kisiguse kifua chake mwenyewe. Hapo ndo pa kufundisha sana kuliko pengine pote, kamtoto kadogo shingo yake ikikunjika njia ya hewa inaziba kimya kimya, hakuna kelele. Mama ajue kuangalia pua na rangi ya midomo kila anapokumbuka.

Kisha lesu. Sisi tulikuwa na nguo za kangaruu za msaada, zikaisha, wengine wakasema programu imeisha pia. Lesu yoyote safi inafunga. Ukingo wa juu ufike chini ya sikio la mtoto, ibane kwenye kifua chake, ilegee kidogo tumboni ili tumbo lipumue, fundo liwe ubavuni ama mgongoni kwa mama pasipomuumiza. Mama asimame, atembee hatua mbili, ainame kidogo mbele yako. Mtoto akiteleza, fungua ufunge upya. Juu yake avae shati pana la mbele wazi, blanketi ikibidi. Gomesi, lile gauni letu refu, nzuri lakini kwa kazi hii inasumbua, mwambie mume alete shati lake la zamani.

Mtoto mwenye mipira ya hewa ama ya dripu anataka watu wawili. Mmoja anabeba mtoto, mwingine anabeba mipira, mama ameshakaa na ameshajiweka sawa kabla hamjamgusa mtoto. Stendi ya dripu na mtungi wa oksijeni viwe upande ule ule mama alikoegemea. Mrija wa sipapu unapigwa plasta kwenye kofia na tena kwenye nguo ya mama begani, ili mama akijigeuza usivutwe kutoka puani. Kanyula, ile sindano ya dripu mkononi, ifungwe vizuri na usiizibe na lesu, unataka kuona mkono ukivimba. Dakika 15 za kwanza usiondoke. Weka kipimo cha oksijeni mguuni, kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake anayepewa oksijeni tunataka kati ya 90 na 95, na joto la kwapani liwe kati ya 36.5 na 37.5.

Na naomba sana hili lieleweke: mtoto kuwa kifuani hakufuti ratiba ya kumpima. Nimesikia mahali watu wanasema "yuko na mama yake, yuko sawa". Hapana. Anapimwa masaa yale yale, anaandikwa kwenye chati ile ile. Akiacha kupumua kwa sekunde 20, akibadilika rangi, akivuta mbavu, akishtuka kwa degedege, tumbo likijaa, akipoa ama akikataa maziwa, mama anaita kwa sauti na nesi anakimbia. Mfundishe mama kumsugua mgongo wakati anaita.

Kila akiwekwa kifuani asitolewe kabla ya saa moja angalau. Kumtoa na kumrudisha kila dakika 20 kunamchosha na kunampoza. Raundi za daktari zifanyike akiwa hapo hapo, stetoskopu inapita pembeni. Taa za kutibu ugonjwa wa manjano, hapo sawa, atoke akae chini ya taa, halafu arudi.

Pacha wanakaa wote wawili, mmoja kila upande, na baba yao akija, huyo tayari ni Ssalongo (baba wa pacha), usimwache asimame tu akipokea pongezi, avue shati achukue mmoja.

Maziwa

Nitapita haraka kwa sababu kila wodi ina chati yake ya vipimo, ifuateni. La muhimu ni kwamba mama aanze kukamua kwa mkono masaa yale ya kwanza, yale maziwa ya njano, hata matone, na akamue kila masaa mawili matatu pamoja na usiku. Mtoto wa chini ya wiki 34 hivi mara nyingi hawezi kunyonya na kumeza na kupumua kwa mpigo mmoja, anapewa kwa mpira wa pua ama kikombe kidogo, na unaweza kumlisha kwa mpira akiwa kifuani bila kumtoa. Akianza kutafuta titi mwenyewe mpe nafasi alambe, hata kama hapati kitu. Mama wa HIV anayemeza dawa zake ananyonyesha na anafanya kangaruu kama wengine, na mtoto anapewa dawa yake ya kinga. Ila mwenye TB ambayo haijatibiwa, ama mwenye upele, huyo ongeeni na daktari kwanza.

Nani anampokea mama

Binadamu hawezi masaa 20 peke yake, mwili wenyewe umetoka kuzaa. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa muulize mama: nani mwingine? Baba, jjajja (bibi), dada, shangazi, jirani, yeyote mzima asiyekohoa na mwenye kuoga. Huyo aandikwe jina kwenye faili, sio tu "atendanti". Mama wa operesheni ama wa kifafa cha mimba bado amelala dawa, huyo msaidizi ndo anaanza, usisubiri mama aamke kesho.

Wababa tunawasingizia sana. Wengi wanakubali ukiwaambia kitu cha kufanya badala ya kuwatuma dawa tu. Ila kuna mambo ya heshima ambayo lazima uyapangie. Mwenzangu anafanya kazi upande wa Masaka, anasema huko mkwe wa kiume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake, sembuse akiwa kifua wazi. Jjajja akiwa ni mama wa mama, basi baba hatakuja na hatakuambia kwa nini, wewe utaandika baba hana ushirikiano. Dawa yake ni ratiba: jjajja asubuhi mpaka saa tisa, anatoka kupika, baba anaingia jioni upande wenye pazia. Uliza kwa adabu, "Mzee, kuna mtu wa hapa ambaye wewe huwezi kukaa naye?" Atacheka, atakuambia.

Wajjajja ndo wana nguvu kuliko sisi wote. Wengine wanaona ajabu mtoto kubebwa mbele, manake mtoto tumezoea mgongoni, tena huyu mdogo hivi anatakiwa kufunikwa mablanketi na kufichwa. Usibishane naye mbele ya binti yake. Mwambie, "Jjajja, weka mkono kwenye miguu yake," kabla, halafu baada ya saa moja kifuani aweke tena mkono. Joto analisikia mwenyewe. Baadaye yeye ndo anafundisha wenzake kwenye jiko la nje kule na anafundisha vizuri kunishinda.

Halafu chakula. Hospitali zetu nyingi mgonjwa analetewa na watu wake. Mama wa kijiji cha mbali ambaye atendanti wake amerudi kuangalia watoto nyumbani, anatoka mwenyewe kwenda kuwasha sigiri, mtoto anabaki. Masaa matatu yamekwenda. Sasa pigeni hesabu: uji wa asubuhi na posho na maharage ya mchana kwa wamama sita saba, hii sio pesa ya kushindwa hospitali, na kanisa ama msikiti jirani ukiwaendea na ombi dogo lenye idadi kamili wanatoa. Msiombe "msaada wa watoto njiti", ombeni kilo kadhaa za unga na sukari kwa mwezi. Kwetu wamama wenyewe walianza zamu, mmoja anampikia wa pili wakati wa pili ameshika watoto, tukawaacha waendelee.

Na kuna wale ambao lazima waende. Ana watoto wanne nyumbani, shamba, mume yuko mbali. Akiomba kwenda siku moja usimkaripie, panga nani anashika, akamue maziwa ya kutosha aache, arudi kesho. Ukimkaripia ataondoka usiku na mtoto, bila ruhusa, na hutamwona tena.

Hesabu masaa

Ripoti yetu ya kila mwezi inataka kujua wangapi wameanzishwa kangaruu. Mtoto aliyekaa nusu saa na aliyekaa masaa 18 wanahesabika sawa. Kwa hiyo unaweza kuwa na ripoti nzuri na wodi tupu.

Sisi tunaning'iniza karatasi miguuni pa kitanda, miraba 24, na kalamu imefungwa kwa kamba (isipofungwa inapotea kabla ya chai). Mama ama msaidizi anapaka mraba wa kila saa mtoto akiwa kifuani. Asiyejua kusoma anapaka vilevile, jua na mwezi vimechorwa pembeni kuonyesha mchana na usiku. Asubuhi kwenye makabidhiano nesi anasoma: kitanda cha kwanza masaa 15, cha pili 6. Halafu tunauliza kwa nini 6. Kamwe isiwe "mama mvivu", jibu hilo tumelikataa kwenye wodi yetu. Tafuta kizuizi. Alikwenda wapi, nani hakuja, kulikuwa na nini.

Ukifanya hivyo kwa wiki chache utaona masaa yanaangukia usiku. Kuanzia saa nne usiku miraba inakuwa mitupu, watoto wamerudishwa kwenye vitanda vyao, na alfajiri ndo tunawakuta wamepoa. Sababu zinafanana kila mahali: mama anaogopa kumlalia mtoto, nesi wa usiku yuko peke yake na hataki lawama, stima imekatika watu wanaona giza. Mama aliyeegemea na lesu imebana anaweza kulala, mtoto hamponyoki. Mwonyeshe mchana alale kidogo ukimwangalia, usiku hataogopa. Taa ndogo ya sola iwepo. Na stima ikikatika hao wa kifuani ndo wako salama kwa joto, ni wale wa kwenye mashine wa kukimbilia.

Wafanyakazi

Watu wanahamishwa. Ulifundisha masista wanane, mwaka ukiisha wamebaki wawili, na daktari mwanafunzi mpya anaamuru mtoto atolewe kifuani kwa sababu chuoni kwao ilikuwa hivyo. Semina ya hoteli ya siku tatu haisaidii sana hapa, inasaidia zaidi kila mgeni wa wodi, hata daktari, siku yake ya kwanza amfunge mtoto mmoja kwa mikono yake na akae nusu saa na yule mama. Muwe na mtu mmoja anayeamka akiwaza kangaruu, mwenye jina, na wa pili wa kumbadili. Na wafagiaji, na askari wa geti pia, waelezeni. Askari anayejua kwamba baba wa kangaruu anaingia saa yoyote ana kazi kubwa kuliko bango. Tuliwapa wababa kitambaa cha rangi mkononi, mlangoni hawaulizwi.

Kuruhusiwa na baada ya hapo

Usimruhusu kwa kilo peke yake. Angalia kama anakunya na kukojoa vizuri, ananyonya ama anakunywa kikombe maziwa yote, joto linakaa bila mashine, hajaacha kupumua siku kadhaa, na anaongezeka uzito. Wiki ya kwanza watapungua, ni kawaida, kisha tunatafuta kama gramu 15 kwa kila kilo kwa siku, mtoto wa gramu 1,400 aongeze kama 21 kila siku. Mama awe ameshaonyesha anaweza mwenyewe, na yule msaidizi pia. Nyumbani kangaruu inaendelea mpaka mtoto afike kama gramu 2,500 ama aanze kujisukuma na kupiga mateke akitaka kutoka, hapo mwenyewe amekuambia.

Ndani ya wiki moja arudi kupimwa. Nauli ndo itamzuia, kwa hiyo uliza senta ya afya gani iko karibu naye na kama mizani yao inafanya kazi, mpigie sista wa huko kwa simu kabla mama hajatoka, na umpe jina la mhudumu wa afya wa kijiji chake. Kwenye boda mtoto aende kifuani, sio mgongoni wala kwenye beseni, na dereva aende polepole.

Upande wa pili wa njia hiyo hiyo ni watoto wanaokuja kwetu kutoka vijijini. Wengi wanafika wamepoa wakiwa wamefungwa mashuka matatu, wamebebwa mikononi na shangazi wakati mama amelala nyuma kwenye machela. Waambieni wale wa senta ndogo: mtoto akipumua mwenyewe asafiri kifuani, kwa mama kama anajiweza, ama kwa yeyote aliyemo ndani ya gari. Kofia, lesu, madirisha yafungwe, na namba ya simu ya wodi yetu iandikwe kwenye fomu ya rufaa ili mkunga apige wakati gari linaondoka, tuandae kitanda cha mama pamoja na cha mtoto.